Ni Nani Atakutua?

Wewe Robi,

Salamu nitakupa mwisho, kama karatasi itabaki. Kwanza nisikize.

Mama yako amekupeleka kusukwa, na yule msusi namjua: mkono mmoja uko kwa nywele, mdomo wote uko kwa majirani. Mpaka mrudi, jua litakuwa limeteremkia ziwani. Kwa hivyo nimeketi hapa mlangoni, karatasi iko juu ya sinia, sinia iko juu ya mapaja, naandika. Ningekwambia kwa mdomo, lakini wewe nikianza tu unaingilia, "Lakini Dani, lakini Dani," mpaka nasahau nilichotaka kusema nabaki na hasira tupu. Karatasi huwezi kuiambia lakini Dani.

Naandika Kiswahili kwa sababu ndicho kilichokulea. Mama yako alipoolewa na mwanangu akaletwa hapa kutoka kwao Kuria hakujua Kijaluo hata cha kuombea chumvi, na Kikuria chake kilinipita kama upepo. Tukakutana katikati, kwenye Kiswahili cha soko. Tukagombania humo, tukapikia humo, na wewe ukazaliwa humo; Kijaluo ukachukua Dani tu, jina la kumwita nyanya. Ukiona nimekosea mahali, nyamaza. Mimi niliacha shule darasa la nne na sijawahi kuomba mtu aniandikie barua.

Mambo ya sabuni na blanketi na kupiga simu Jumapili, mama yako ameshasema mpaka kuku wameyashika. Siyarudii. Mimi nina neno moja. Kesho unaenda Homa Bay, kwenye shule ya michezo iliyokuchagua, kukaa na watu ambao kazi yao ni kutafuta nguvu zako zinaishia wapi, na wewe ni mtoto asiyejua kuachia. Hilo ndilo limenikaa kooni. Si gari, si chakula cha shule, wala si wavulana, ingawa kwa wavulana nitafika.

Unajua sikumpenda yule Kocha Barasa tangu siku ya kwanza, na sijasema kama nampenda sasa. Mtu mzima, shingo kama kinu, amesimama kwenye mashine ya posho anaangalia mtoto wa watu akiinua gunia la mahindi kuliweka kwenye bodaboda. Nilimwona mimi kabla hujamwona wewe. Akaja kwangu akitabasamu. Mtu anayetabasamu kabla hamjajuana mimi huwa nashika mkoba.

"Mama, huyu msichana ni wako?"

"Kwani umepoteza wako?"

"Hapana, Mama. Nimeona tu vile ameinua hilo gunia. Ameingia chini yake vizuri, mgongo umekaa sawa. Nani alimfundisha?"

"Njaa."

Yule wa bodaboda akacheka mpaka gunia likataka kuanguka. Kocha naye akacheka, lakini hakuondoka. Akasema yeye anafundisha wasichana kunyanyua vyuma, na angependa siku moja uende Migori ukapimwe nguvu.

Kupimwa. Hapo ndipo aliponiharibia kabisa. Robi, wewe umezaliwa ukakuta machimbo ya dhahabu ya Macalder yameshatulia, lakini mimi neno hilo limenila. Tulikuwa tunaponda mawe mchana kutwa, tunaosha, tunapata vumbi la dhahabu linalotosha ukucha, halafu tunalipeleka kwa mnunuzi apime. Alikuwa na mizani ndogo ya umeme juu ya meza, na juu ya meza alikuwa na feni. Siku zote feni inazunguka, hata mvua ikinyesha, hata sisi tukitetemeka kwa baridi. Nilifikiri ni mtu wa kusikia joto. Ilinichukua muda mrefu, nikiwa mjinga na mtoto mgongoni, kuona kwamba feni ikizunguka namba inacheza, na ikicheza yeye anasoma pale anapopenda. Siku niliyomwambia azime, aliniambia niende nikauze kwa mwingine. Na mwingine hakukuwepo.

Ndiyo maana nilimuuliza yule kocha, "Mnampima ili iweje? Nani ananunua?"

"Hakuna anayenunua, Mama. Ni michezo."

"Na hivyo vyuma, akishaviinua anavipeleka wapi?"

"Wapi, aje?"

"Anavipeleka wapi? Mtu anainua kitu apeleke mahali."

"Havipelekwi popote, Mama. Anaviinua juu ya kichwa, anavishikilia kidogo, basi."

"Halafu nani anamtua?"

Akanitazama kama nimesema Kichina. "Hakuna anayemtua. Anaachia. Vinaanguka chini."

"Vinaanguka!"

"Ndiyo. Vina mpira."

Nilicheka njia nzima mpaka nyumbani, unakumbuka, na hukufurahi. Lakini nieleze nilichokuwa nacheka. Sisi tulibeba mawe kutoka mdomo wa shimo mpaka mtoni. Pale juu unamwambia mwenzako, "Nitwike," anakuinulia gunia mpaka kichwani. Kule chini unamwambia yeyote aliyepo, "Nitue," anakupokea. Katikati, njia nzima, huna mtu. Katikati mzigo ni wako na hauguswi na ardhi. Kulikuwa na mama mmoja aliyeangusha karai lake mara moja tu, mawe yakazama kwenye matope. Kuanzia siku hiyo akaitwa Mama Tope. Alizaa watoto, akajenga, akawa mzee wa kanisa, bado Mama Tope. Siku ya mazishi yake mhubiri mgeni alisimama mbele ya jeneza akasema, "Dada yetu Mama Tope ametutangulia," na hakuna aliyemrekebisha. Jina lake la ubatizo mpaka leo silijui.

Na hadithi ya goti langu unaijua. Umelipaka mafuta goti hili tangu mkono wako haujafika kulizunguka. Mvua ilikuwa imenyesha, njia inateleza, gunia limejaa. Mguu mmoja ukaenda mbele, mwingine ukabaki nyuma. Nikashuka nalo. Goti likagonga mwamba, nikabaki hapo kama ninayesali, gunia liko kichwani, shingo haijapinda, mpaka wenzangu wakakimbia kuja kunitua. Na hata jiwe moja halikugusa chini. Hivyo ndivyo nimekuwa nikikusimulia, na nikifika kwenye jiwe halikugusa chini, ninaishia hapo. Naipenda ikiishia hapo.

Sasa twende Migori.

Ule ukumbi wa shule, unakumbuka, ulikuwa na feni juu ya dari. Yule kijana wa kompyuta, mwembamba kama ufito, amepanga vitu vyake mezani. Nikamwambia, "Zima hiyo feni."

"Mama, kuna joto."

"Zima."

"Hii haipimi dhahabu, Mama," akasema, akacheka, na mimi nikashtuka amejua aje. Kumbe ni wewe ulikuwa umeshamhadithia nje. Mdomo wako, Robi! Kesho unaenda kukaa na wageni, usiwape hadithi za kwenu zote siku ya kwanza. Waachie njaa kidogo.

Alizima. Ndiyo maana nikamruhusu aanze. Akaomba cheti chako cha kuzaliwa, akakipindua kama noti bandia. Akakupima kimo. Halafu akakwambia uketi, akakupima umeketi. Nikamuuliza, mtu anapimwa ameketi kwani ni kochi? Akasema anataka kujua kama umemaliza kukua. Nikamwambia aulize sare yako ya shule. Akakupa kile kishikio cha kukamua kwa mkono. Akakwambia uruke kwenye mkeka wenye waya, ruka, ruka tena, mikono kiunoni. Halafu kile kilichonishangaza zaidi: chuma kimefungwa kwa mnyororo kwenye ubao, na wewe unaambiwa vuta kwa nguvu zako zote, na chuma hakiji. Hakiwezi kuja! Kimefungwa! Wewe unavuta, mishipa ya shingo imesimama, yeye anaangalia kompyuta anasema, "Vuta, vuta, vuta." Mimi nililima na ng'ombe, Robi. Sijawahi kumfunga ng'ombe kwenye mti ili nione kama analima.

Na mimi nilikamua kile kishikio. Usijifanye umesahau, ulificha uso kwa sweta. Nilikuwa nimechoka kuambiwa ni mashine nzuri, nikasema nipe. Mkono huu umeponda mawe ya nusu ya Nyatike. Nikakamua mpaka jino likaniuma. Yule kijana akatazama namba, akakohoa.

"Si mbaya, Mama. Kwa umri wako."

"Umri wangu umeuona wapi?"

Mkono wako wa kushoto ulikuwa umenishinda wa kulia. Nikasema mashine ni mbovu. Nikasema betri imeisha. Nilisema mengi siku hiyo. Lakini jioni moja baadaye, mlipokuwa nje, nilijaribu kufungua ule mkebe wa majani ya chai ambao wewe ndiye huufungua kila siku, na haukufunguka. Sikujua kama huwa unaufungua wewe. Nilidhani unafunguka.

Baada ya mashine zile ndipo mkaenda kwenye vyuma vyenyewe. Hapo mimi nilinyooka, kwa sababu hapo nilikuwa naelewa. Ukainua. Wakaongeza. Ukainua. Wakaongeza. Nikamuuliza mama mwenye mtoto mwingine pembeni yangu, hii inaisha lini? Akaniambia, "Wanaongeza mpaka ashindwe. Hapo ndipo wanajua." Nikaona giza. Mtihani gani huo unaoisha tu mtoto akishindwa? Mwalimu gani anakaa na kalamu anangoja hapo? Bado sijapata jibu la kuniridhisha, na nimeliuliza kwa watu wawili wenye digrii.

Basi ukakinyakua kile cha mwisho. Kikafika juu, mikono imenyooka, nikajua umeweza, nikaanza kusimama. Kisha kikapita kichwa chako, kikaanza kuelekea nyuma. Kocha akapiga kelele, "Achia! Robi, achia!" Na mimi nikapanda juu ya benchi, mwanamke mzima na kitambaa changu cha kanisa, nikapiga kelele kushinda yake:

"Robi! Usiangushe!"

Ukasikia yangu.

Ukakifuata kile chuma nyuma kama mbuzi anayevutwa kamba, na mkono wako ukaenda mahali ambapo mkono hauendi. Sauti yako niliisikia. Sauti ya bega pia niliisikia. Yule mama pembeni yangu alisema "Yesu" akaniangalia mimi, hakukuangalia wewe.

Hospitalini, baada ya kukurudishia bega na kukufunga mkono kifuani kama mtoto wa mgongo aliyehamishwa mbele, Kocha Barasa alikuja akasimama kwenye kitanda. Nilikuwa nimemngoja. Nilimwambia kila kitu nilichokuwa nacho. Nilimwambia amempima mtoto kabla ya kumfundisha. Nilimwambia kumwonyesha mtu kuachia mara moja si kumfundisha, hata kuku wa kienyeji huonyeshwa njia ya banda zaidi ya hapo.

"Ni kweli, Mama. Nilitaka namba haraka. Kosa ni langu."

Sikutegemea. Mtu anayekubali kosa upesi namna hiyo namshuku pia, maana unabaki na maneno yako mkononi huna pa kuyaweka. Halafu akaniuliza, polepole, si kwa ubishi:

"Lakini nisaidie, Mama. Nimefundisha wasichana wengi. Mtu akiogopa, mikono inafunguka yenyewe. Ya huyu wako haikufunguka. Kwa nini?"

Basi nikamweleza. Nikamweleza huyu ametoka kwa watu gani. Nikaanza na mvua, na njia, na mguu mmoja mbele mwingine nyuma. Nilikuwa naisimulia vizuri, hata nesi alikuwa amesimama kusikiliza. Ndipo nikakuangalia. Ulikuwa umelala macho juu ya dari, dawa imekulegeza, na midomo yako ilikuwa inatembea. Ulikuwa unaisema pamoja nami. Neno kwa neno, bila sauti, kama watoto wanavyosema Baba Yetu. Na tulipofika mwisho tulifika pamoja: hata jiwe moja halikugusa chini.

Nikasema nataka chai. Nikatoka.

Sasa, mahali ninapoishiaga, leo naendelea kidogo. Mawe yale wenzangu walinitua, wakayamimina, yakapondwa, yakasagwa, yakaoshwa mtoni mbele ya macho yangu, mimi nimeketi goti limevimba kama boga. Hayakuwa na kitu. Hata ya kung'aa kwa bahati tu hayakuwemo. Yalikuwa mawe tu. Wote pale walijua, na kwa heshima yangu hawakusema tena. Walisimulia ile sehemu ya kwanza, na mimi nikajifunza kwao kuisimulia.

Basi. Imeandikwa. Usinirudishie mdomoni siku nyingine.

Kocha alirudi bega lilipopona, na unajua nilimpokea vipi. Lakini safari hii hakuleta vyuma. Alileta fimbo ya ufagio. Mahindi yalipandwa yakabeba, wewe bado unacheza na ufagio nyuma ya shule, na mimi nimeleta kiti changu nimekaa kivulini nikimtazama mikono yake iko wapi. Inua, achia, ruka mbele. Inua, achia, ruka nyuma. Nilifikiri, mwalimu gani anaanza na kushindwa? Na mara za kwanza hukuweza, Robi! Fimbo ya ufagio, isiyo na uzito wa paka, na vidole vyako vilikataa. Ulikuwa unainama nayo mpaka chini, unaiweka kama yai. "Achia, Robi." Unaiweka. "Usiiweke. Iachie." Unaiweka. Ulinitupia jicho kila mara. Nikasogeza kiti changu nyuma ya ukuta, nikasema jua linanichoma. Hakukuwa na jua.

Mpaka juzi juzi hii mlipopimwa tena, kule Homa Bay. Nilikwenda kwa sababu sikuamini, na nataka nikwambie nilichokiona, maana siku hiyo sikukwambia kitu.

Kwenye mashine uliwashinda wote. Uliruka, ukavuta ule mnyororo wa kijinga, yule kijana mwembamba akasimama kutoka kitini. Nikaanza kuringa. Kisha mkaenda kwenye vyuma, na yule msichana wa Mbita, Mercy, mwenye miguu mifupi, ambaye kwenye mkeka hakuruka hata nusu ya kuruka kwako, akainua kukushinda. Ulilia kwenye gari ukidhani nimelala. Mimi nilikuwa nimeshamshika yule kijana shati. Nikamwambia, mashine yako imesema huyu ana nguvu, chuma kimesema yule. Nani muongo?

Akasema, "Hakuna muongo, Mama. Nguvu Robi anazo. Bado hajajua kuziingiza zote kwenye chuma kwa wakati wake. Hiyo inakuja na miaka."

"Na hizo namba zako ni za nini basi?"

"Ni za kumlinganisha na yeye mwenyewe. Akishuka ghafla, najua amechoka au anaumwa hata kama hasemi."

Labda ni kweli. Siamini yote. Kwa hivyo wakibandika namba ukutani na majina yenu chini yake, muulize aliyezibandika hivyohivyo nilivyouliza mimi, hii ni ya nini, na asipokujibu maneno unayoelewa, usiivunjikie moyo namba hiyo. Mtu akikwambia ushinde na njaa ili uingie kwenye uzito wa wadogo, mwambie nyanya yako anakuja na treni, hata kama hakuna treni. Wewe bado unakua, sare zako zinajua. Kopo la unga ambalo limeandikwa maneno marefu na picha ya mtu mwenye mikono kama magogo, usilifungue. Samaki wamejaa ufukweni hapo, kula samaki. Na mtu, awe kocha, awe daktari, awe mchungaji, akisema anataka kukupima mgongo mkiwa wawili tu chumbani, mlango umefungwa, toka. Usiage. Toka na viatu mkononi. Hapo sitakuuliza kama ulikuwa na adabu. Wavulana ndio hao, nimewafikia.

Lakini nilikuwa nataka kusema lile la mwisho la siku hiyo. Uliomba kujaribu tena baada ya Mercy. Chuma kikapanda, kikafika juu, kikaanza kwenda nyuma, vilevile, njia ileile. Nilishika mdomo wangu kwa mikono miwili, Robi. Miwili. Naye kocha hakupiga kelele, alisimama tu.

Ukaachia.

Ukaruka mbele kama mtu aliyeona nyoka, na vyuma vikaanguka nyuma yako, sakafu ikatetemeka mpaka kwenye miguu ya benchi yangu, vumbi la chaki likapanda. Mimi nikafumba macho nikangoja. Unajua nilikuwa nangoja nini? Nilikuwa nangoja jina. Wasichana wengi wamekaa pale, watu wameona mtu ameangusha mbele yao, lazima mmoja wao atalisema, na utabaki nalo mpaka jeneza. Nikasikia yule Mercy: "Poa, Robi, ilikuwa karibu!" Nikasikia makofi. Kocha akasema, "Vizuri sana." Kwa mtu aliyeangusha! Na wewe ulikuwa unacheka, umeshika kiuno, unahema.

Halafu ukanitazama mimi, na kicheko kikakutoka. Ulinitazama kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni. Na mimi, mwenye mdomo wa kutosha soko zima, niligeuka nikaangalia dirishani. Kulikuwa na korongo juu ya paa. Nilimwangalia huyo korongo mpaka ukaenda kunywa maji.

Nimekuwa na jambo hilo tangu siku hiyo. Ulikuwa unaningoja mimi, na mimi nilikuwa na korongo.

Kule unakoenda sitakuwa kwenye benchi. Siwaamini watu hao hata sasa, na nimeshamwambia mama yako kwamba nitakuja bila taarifa, siku ambayo hawatanitazamia, nikague jikoni. Lakini hawawezi kukushikia, wala mimi siwezi. Katikati ya njia hakuna mtu wa kukutua. Nilikulea kana kwamba yupo.

Nasikia sauti ya mama yako kwa jirani, kwa hivyo mmefika, na bado ana la kusema huko. Karatasi imebaki kidogo. Salamu ni hizi: nakusalimu. Nakusalimu sana. Kichwa chako kilichosukwa nitakisema ni kibaya nikikiona, usijali.

Na kesho begi lako nitalibeba mimi mpaka barabarani. Usininyang'anye, usijifanye unanisaidia upande mmoja. Unajua mkono wangu ulisoma namba gani, na mimi najua. Nitalibeba mpaka pale penye mashine ya posho, palipojaa watu wanaonifahamu tangu nikiwa msichana. Pale nitaliangusha, puu, katikati ya njia, mbele yao wote, na wewe ukiwa unatazama. Waniite wanavyotaka.

Dani wako